Mama Mkwe Ndani ya Boti ya Kaunti

Kabla ya kaunti kutuletea boti, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tumeishi kwa amani kamili miaka mingi, kwa sababu hatukuwahi kutazamana uso kwa uso.

Kwetu Ukambani jambo hilo lina jina. Linaitwa nthoni, nayo ni haya na heshima zilizofungwa kwenye fundo moja. Mwanamume na mama ya mke wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai karibu. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kichakani. Siku hizi mambo yamelegea. Nimeona harusi za mjini ambapo watu wanakumbatia mama wakwe zao na kupigwa picha, na hakuna aliyetokwa na upele. Lakini wangu si mtu wa kulegeza. Alipookoka aliacha tumbaku ya kunusa, akaacha hirizi, akaacha hata ngoma za harusi. Nthoni alikataa kuiacha. Mchungaji alipomgusia kwamba Petro mwenyewe alikuwa na mama mkwe na walikaa nyumba moja, alimjibu kwamba asome vizuri, maana aliyemshika yule mama mkono akamwinua ni Yesu. Petro hakumgusa. Mchungaji hakurudia tena.

Mimi ninaishi upande wa Kitui, ukiteremka kutoka Kanyangi kuelekea Mto Athi. Shule ninakofundisha iko ng'ambo, Makueni, mwendo mfupi kutoka mtoni. Mama mkwe anaishi upande huu wangu, nyuma ya kilima kinachofuata, na siku za soko huvuka kwenda kuuza ndengu kwa wanunuzi wanaokuja na malori kutoka Kibwezi. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa watu wa mto mmoja. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mpana na wa kina kifupi, na nafasi ilitosha kila mtu kuvuka na heshima zake. Yeye alipita juu kwenye mawe, mimi nikapita chini kwenye mchanga, kila mmoja akitazama maji kama mtu anayetafuta mamba, na kwa kweli tulikuwa tukiwatafuta pia.

Mvua zikinyesha tulitegemea mtumbwi wa jamaa mmoja mnene, mpole, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Huyu alijua ukoo wa kila mtu katika kingo zote mbili. Akituona sote tumefika, alikohoa. Hiyo ilikuwa ishara kwangu nigeuke nitazame migunga mpaka mama mkwe avushwe. Nilichelewa shule mara nyingi kwa ajili ya migunga ile, na mwalimu mkuu, ambaye naye ni Mkamba mwenye mama mkwe, hakuwahi kuniuliza.

Halafu tukasikia kwamba kaunti zetu mbili zimekubaliana kugharimia boti ya abiria. Ilikuwa habari njema, tena ya haja. Mto ukifurika wanafunzi walikaa nyumbani wiki nzima, na wajawazito walizungushwa mpaka daraja la mbali kwa pikipiki. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba afisa wa uchukuzi anakuja kuchukua maoni ya wananchi, tulifurika sisi pia. Tenti ilipigwa kwenye ukingo wetu, viti vya plastiki vikapangwa, na wananchi wa Makueni wakaalikwa wavuke waje wahudhurie.

Usiku ule mvua ilinyesha huko juu. Asubuhi mto ulikuwa umejaa kingo kwa kingo, wa rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo. Mwenye mtumbwi alikataa hata kuufungua mtumbwi wake. Wananchi wa Makueni walikuja wakasimama ng'ambo, umati mzima, wakitutazama tukiwa tumekaa kivulini tukingoja kuzungumzia shida ya kuvuka.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyetoka sehemu za ziwani, ambaye alijua boti lakini hakujua Kikamba. Alisema mkutano hauwezi kuahirishwa kwa sababu upande wa pili nao ni wananchi na wamefika. Kilichokosekana ni sauti. Sisi tulikuwa na kipaza sauti, wao walikuwa na vifua. Alisoma mpango kwa kipaza sauti, kisha wao wakapaza maoni yao kwa Kikamba juu ya kelele za maji, na ikahitajika mtu wa kusikia na kutafsiri. Chifu akanionyesha kidole. Mwalimu ndiye huonyeshwa kidole siku zote.

Tulienda vizuri. Walitaka ngazi za saruji. Walitaka boti ianze kabla ya shule kufunguliwa. Mmoja aliuliza kama mbuzi atalipa nauli ya mtu mzima. Kisha sauti ya mwanamke ikavuka mto, nyembamba na iliyonyooka kama sindano, nami nikageukia migunga. Uso wake sikuujua sana, lakini sauti hiyo nilikuwa nimeisikia kupitia kuta na madirisha tangu siku ya posa. Mama mkwe wangu alikuwa amelala kwa rafiki yake ng'ambo baada ya soko la jana, sasa amekwama huko na magunia yake, na alikuwa na la kusema.

Afisa akanigeukia. Nilimwambia kwamba mama yule anauliza, boti ikiwa ndogo, mtu aliyepanda na mkwe wake atakaa wapi.

Afisa alifungua ukurasa mpya wa daftari lake. "Huyo mkwe ana shida gani?"

"Hana shida."

"Ni mlemavu?"

"Hapana. Ni mkwe tu."

Chini ya tenti watu walianza kuinamisha vichwa. Wazee walikubaliana na swali lile kwa kutikisa fimbo, na mmoja akasema ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa tangu asubuhi. Afisa aliniuliza kama ninamfahamu mkwe anayezungumziwa, ili mahitaji yake yaeleweke vizuri. Nilimwambia ni mtu wa hapa karibu. Sijui aliandika nini, lakini alisema kwa kipaza sauti kwamba suala la wakwe limezingatiwa na litashughulikiwa katika usanifu wa boti. Ng'ambo walipiga makofi. Nilisikia baadaye kwamba mama mkwe alikwenda kulala siku hiyo akiamini serikali.

Lazima niseme kwamba kaunti zilitimiza. Moja ilinunua boti na injini, nyingine ikajenga ngazi pande zote mbili na kuchukua mzigo wa mafuta na mshahara wa nahodha. Nahodha akawa yule yule jamaa wa mtumbwi, sasa amevaa kofia. Nauli ikawa ndogo mno, na wanafunzi wakasafiri bure. Kila upande ulipenda boti ile kiasi cha kutaka kuizindua wenyewe, hivyo utepe ulikatwa mara mbili, kwanza kwetu, kisha boti ikavuka na abiria wale wale na utepe mwingine ukakatwa kwao. Wanafunzi wangu wa darasa la nne waliimba wimbo mmoja kwenye kingo zote mbili.

Ndani ya boti kulikuwa na benchi mbili ndefu, moja kila upande, zinazotazamana. Nahodha na injini walikuwa nyuma. Na mbele kabisa, peke yake, kilichomelewa kiti kimoja chenye mto mwekundu, mgongo wake umegeukia kule boti inakokwenda na uso wake umeelekea abiria wote. Pembeni paliandikwa kwa rangi nyeupe: KITI MAALUM.

Hicho ndicho kilichokuwa jibu la swali la mama mkwe. Kijana wa watu alikuwa ameelewa kwamba mkwe ni mtu wa kupewa heshima ya pekee, na hapo alikuwa sawa kabisa. Ila mtu akikalia kiti kile alimtazama kila abiria usoni kutoka ukingo hadi ukingo, hana pa kupeleka macho. Mama mkwe alikuja siku ya uzinduzi, akakitazama kutoka kwenye ngazi, akauliza kama hicho ni kiti cha hakimu. Hakukikalia siku hiyo wala nyingine. Aliyekuja kukipenda ni mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia kwetu kutoka kaskazini mashariki. Yeye alikaa pale kwa raha zote, tasbihi mkononi, kwa sababu kutoka kile kiti aliweza kuwaona mbuzi wake wote kwa mpigo mmoja. Ikawa ndicho kiti chake, na watu wakaanza kuamini kwamba MAALUM ni jina la ukoo wake.

Mwanzoni boti ilivuka mara nyingi kwa siku, na mimi na mama mkwe tuligawana safari bila kupanga. Akiwa ngazini, nilikumbuka nimesahau chaki. Nikiwa ngazini, yeye alifungua gunia akaanza kuchambua ndengu ambazo zilikuwa zimechambuliwa jana. Shida ilianza kiangazi kilipokaza. Maji yalipungua, mchanga ukajitokeza, na nahodha akasema kwamba kuanzia sasa ataenda mara moja asubuhi na kurudi mara moja alasiri, polepole, kwa sababu akigonga mchanga na injini ile atajibu maswali ya kaunti mbili. Kupita kwa miguu kama zamani hatukuweza tena, maana kupungua kwa maji kuliwaleta mamba karibu, na mmoja mkubwa alikuwa amefanya makao palepale kwenye mawe ya mama mkwe.

Siku ya kwanza ya ratiba mpya, alasiri, mimi nilikuwa nyuma ya mgunga na yeye alikuwa nyuma ya lori. Nahodha alikaa ndani ya boti yenye abiria tayari, akitungoja. Alikohoa. Sikutoka. Akakohoa tena upande ule mwingine. Mwishowe alisema kwa ile sauti yake nene, bila kumtazama mtu, kwamba mafuta haya ni ya umma, na umma hauwezi kuchoma mafuta ukingoja mgunga na lori vipande boti.

Tulipanda. Mama mkwe aliingia na mwavuli, akaufungua, akauweka kati yangu na yeye kama ukuta wa nyumba. Mimi nilikaa nyuma karibu na injini, nikatazama maji. Abiria wengine, ambao ni watu wenye akili, walijipanga katikati bila kuambiwa: wauza nyanya, muuguzi wa zahanati, walimu wenzangu wawili, mbuzi. Ukawa ndio mtindo. Akiingia mgeni akataka kukaa mwisho, alielekezwa kwa upole asogee katikati akaongeze ukuta. Muuguzi aliwahi kuniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kutumika kama pazia, lakini si kazi mbaya.

Hata hivyo mimi nilichoka. Mtu hawezi kutazama maji tu kila siku ya soko, na shingo yangu ilikuwa imeanza kukataa kugeuka upande mmoja. Nilimwomba mwalimu mkuu anisaidie nipate uhamisho, nirudi shule ya upande wetu ambayo ningeifikia kwa baiskeli. Nilimwambia mke wangu, naye alisema ni sawa, ingawa alisema kwa ile namna ya mke kusema sawa huku akiendelea kuosha sufuria iliyokwisha takata. Zaidi ya hao wawili sikumwambia mtu. Nilisahau kwamba kwetu habari ilikuwa na njia yake ya kuvuka mto muda mrefu kabla ya boti.

Siku moja ya soko, wiki chache kabla ya mvua, lori la mfanyabiashara lilipita likielekea daraja la mbali na likawachukua abiria wengi bure. Nilipofika ngazini alasiri nilikuta boti ina watu wawili tu: nahodha nyuma, na mwavuli mbele. Nyuma ya mwavuli kulikuwa na gunia la machungwa. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilipanda.

Tulikuwa tumefika kama katikati, nahodha akisoma maji kwa macho, wakati boti ilipopanda juu ya kitu laini, ikajiinamisha kidogo upande, ikatulia. Nahodha alirudisha injini nyuma. Maji yalichafuka, boti haikusogea. Akachukua mti mrefu akasukuma mpaka mishipa ikamsimama. Kisha akavua kofia akasema, kama mtu anayetangaza kituo, kwamba tumekaa.

Fungu la mchanga lililotushika lilikuwa refu, kavu mgongoni, na kwenye ncha yake ya mbali alilala mamba amefungua mdomo akiota jua. Kutoka tulipokuwa hadi kila ukingo kulikuwa na maji. Hivyo tukakaa.

Jua lilikuwa kali. Baada ya muda mwavuli ulisema, "Nahodha, muulize huyo mtu kama amekunywa maji leo."

Nahodha alikuwa amekaa kati yetu, hatua mbili kutoka kwa kila mmoja. Alinigeukia. "Mwalimu, unaulizwa kama umekunywa maji leo."

"Mwambie nimekunywa. Namshukuru."

"Amekunywa. Anashukuru."

"Mwambie mtu hudanganya kwa sababu ya haya."

"Anasema unadanganya kwa sababu ya haya."

Nilikuwa kweli nadanganya. Mkono ulitoka chini ya mwavuli ukiwa na machungwa mawili, nahodha akayapokea, akanipa moja na jingine akala yeye, kama ushuru wa kazi. Nilikula nimewapa mgongo. Yeye pia nadhani alikula, kwa sababu maganda yalikuwa yakielea kupita upande wangu. Tukaendelea hivyo kwa muda mrefu. Nahodha alipeleka na kurudisha habari za mvua, bei ya ndengu, goti la baba mkwe, na ugonjwa wa kuku. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, hata pale tuliposema mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kisha aliangalia simu yake, akasema hapa hakuna mtandao. Akaongeza kwamba juu ya fungu la mchanga, akitembea kidogo kuelekea upande usio na mamba, huwa anaupata. Nilimsihi kwa macho asiende. Alivua viatu, akakunja suruali, akashuka. Tulimsikia akitembea kwa makini, akizungumza na mamba kwa sauti ya chini na kumweleza kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti.

Sasa boti ilikuwa na watu wawili ambao hawawezi kusemezana. Nilihesabu misumari ya benchi. Nilisikia mwavuli ukisogezwa, halafu ile sauti ya sindano, lakini safari hii ya chini.

"Wewe gunia," alisema. "Nimesikia kuna mtu anataka kuhama shule, aache kuvuka huku. Ungekuwa na mdomo ungemwambia asihame."

Nilitazama gunia. Gunia lilikaa kimya.

"Mimi nina binti mmoja tu," aliliambia gunia. "Kwake siwezi kwenda kila mara, si adabu. Nikimpigia simu, anasema yuko sawa. Huyo hata akiungua atasema ni mvuke. Simu haina macho. Lakini siku za soko namwona mtu fulani akipanda boti asubuhi, na namtazama shati. Shati likiwa limenyooshwa vizuri, kola imesimama, najua kwa binti yangu kuna amani, ana nguvu, na moyo wake uko nyumbani kwake. Nauza ndengu zangu nikiwa nimetulia. Huyo mtu akihama, mimi nitamwona nani?"

Kwa kiangazi chote nilikuwa nimedhani ule mwavuli uliwekwa ili asinione. Haikuwahi kunijia kwamba una upande wa kuchungulia. Nilitaka kumpa jibu zuri, na jibu zuri lilikuwepo, la kusema asante na kunyamaza. Lakini mimi ni mwalimu, na kosa likiwa ubaoni mkono wangu hauwezi kutulia. Nilichukua mkoba wangu nikauweka magotini.

"Mkoba," nikasema, "lile shati ninalipiga pasi mimi mwenyewe."

Niliona nimeharibu. Nikauambia mkoba haraka kwamba binti ya watu yuko salama kabisa, ana afya, tena anaongea kwa nguvu kuliko redio, ni vile tu pasi ya makaa humwumiza kichwa kwa moshi, na mimi tangu chuo nilizoea kujinyooshea. Nikauambia pia kwamba yeye hunipikia chai nikinyoosha, na hukaa hapo kwenye kigoda akinieleza ndoto zake, ambazo ni ndefu.

Mwavuli ulianza kutikisika. Kwanza nilidhani ni upepo. Kisha nikasikia kicheko kidogo kilichozuiwa kwa leso, kikatoroka, kikafuatwa na kingine. Alicheka mpaka gunia likaegemea upande. Nami nikacheka, nikiwa nimetazama maji, na kama mtu angetuona kutoka ukingoni angedhani jua limetupanda kichwani.

"Gunia," alisema alipopata pumzi, "basi hiyo ni bora kuliko nilivyodhani."

Hatukusema zaidi, kwa sababu nahodha alikuwa anarudi, na kutoka kingo zote mbili watu walikuwa wamejitokeza. Alikuwa amepiga simu kote. Alitaka asilaumiwe na upande wowote, hivyo aliwaambia Kitui na akawaambia Makueni, na kila upande ulijibu kwamba boti ni yao na wanakuja mara moja. Walikuja kweli. Vijana wenye nguvu kutoka kwetu walileta kamba, wakairusha, nahodha akaifunga mbele. Vijana wenye nguvu kutoka ng'ambo walileta kamba, wakairusha, na kwa kuwa ni vibaya kukataa msaada, nahodha akaifunga nyuma.

Wakavuta. Nadhani sijawahi kuona moyo wa kujitolea kama ule. Mwakilishi wadi wa upande wetu alivua koti akashika kamba mwenyewe, na wa ng'ambo alipomwona, naye akavua lake. Boti ilinyooka, ikalia kidogo kwenye viungo, ikabaki palepale. Walizidi kuvuta na kuhimizana kwa nyimbo. Nahodha alisimama katikati na kofia yake, akitazama mbele na nyuma, asijue amwambie nani aache, kwa kuwa mmoja alimpa boti na mwingine alimpa mshahara.

Mama mkwe alifunga mwavuli. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mzima mzima, nami nikageuka haraka, kwa hiyo nilichoona ni leso ya kichwani na mkono mwembamba wenye nguvu. Alipita kando yangu bila kunigusa, akafika nyuma ya boti, akaifungua kamba ya Makueni kwa vidole vyake, akaiachia.

"Ndengu nauza kwenu," aliwaambia kwa sauti ya kuvuka mto. "Lakini nalala kwetu."

Ng'ambo kundi zima lilianguka kwa makalio, pamoja na mheshimiwa. Boti ilichomoka mchangani kama jino. Tulifika upande wetu kwa kasi ambayo injini haijawahi kuifikia, na wale walioanguka, nawasifu kwa hilo, walikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Uhamisho niliufuta. Mwalimu mkuu alisema hata hivyo hakuwa ameupeleka, alikuwa anangoja shingo yangu ipone. Kaunti zilikaa zikaongea, na baada ya mvua zikaongeza boti ya pili, ndogo, ya chini bapa, inayopita juu ya mchanga bila kukaa. Safari hii afisa aliuliza kabla ya kujenga. Benchi za boti mpya zote zinatazama mbele, safu kwa safu, na anayekaa nyuma anaona visogo tu. Wazee walisema hiyo ndiyo boti ya kweli.

Mimi na mama mkwe tunaendelea na heshima zetu. Hatujawahi kupeana mkono wala kula meza moja. Ila siku za soko, gunia na mkoba vikikutana, vina mengi ya kuambiana, na abiria waliokuwa ukuta wamejifunza kusogea ili navyo visikilizane.

Kitu kimoja hakikwenda vizuri. Habari za pasi zilifika kwenye boma lile nyuma ya kilima, na huko zilipokelewa na mtu ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Jumapili moja mapema simu yangu ililia. Alikuwa baba mkwe. Ni mzee wa maneno machache, hanipigii isipokuwa kuna msiba, kwa hiyo niliinuka nikasimama wima kabla ya kupokea. Alinisalimia, akauliza watoto, akauliza mvua. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeangaliwa, kama kola mtu huanza kuinyoosha kwa ndani au kwa nje.

Nilimwambia aanze kwa ndani, na kwanza apunguze makaa.

Nilisikia pasi ikiwekwa chini kwa haraka. "Hilo la makaa," akasema, "ungenipigia mapema."